Nani Anatengeneza Staa? Mzee Vince McMahon na Vijana Wake

Leo naomba tuongee historia ya mieleka, na msicheke kwanza. Kwenye kibanda cha video ubishi ni uleule kila siku. Wakubwa wanasema mastaa waliishia kwa Hulk Hogan, Stone Cold na The Rock, kwamba mzee Vince McMahon alizeeka akashindwa kutoa mwingine. Wadogo wanabisha, wanamtaja Roman Reigns. Mimi naona pande zote mbili zinasahau kitu.

Tunajua wote kwamba mshindi anapangwa kabla ya watu kupanda ulingoni. Kwa hiyo promota ndiye mwenye kalamu. Vince aliinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982. Wakati ule kila promota Marekani alikuwa na eneo lake, na hawakuingiliana. Vince akavunja huo utaratibu, akachukua wanamieleka wa wenzake, akawaonyesha nchi nzima kwenye televisheni. Januari 1984 Hogan akampiga Iron Sheik akabeba mkanda, na tarehe 31 Machi 1985 ikafanyika WrestleMania ya kwanza, New York.

Lakini Hogan hakutoka hewani. Alikuwa tayari anapendwa sana kwenye kampuni ya AWA, na watu walishamuona kwenye filamu ya Rocky III. Vince alikuta mti una maua, yeye akaumwagilia.

Stone Cold naye? Kampuni pinzani ya WCW ilimfukuza 1995. Vince akampokea na kumpa jina la The Ringmaster, likadoda. Juni 1996 akashinda King of the Ring, nafasi ambayo ilikuwa imepangwa kwa Triple H, ila Triple H alikuwa kwenye adhabu. Austin akashika maikrofoni akaongea maneno yake mwenyewe, na haikupita muda mashabiki wakawa wanakuja na mabango ya maneno hayohayo. The Rock ndiyo kabisa: aliletwa mwisho wa 1996 kama kijana mzuri wa kutabasamu, watu wakamzomea vibaya. Mwaka 1997 akageuzwa kuwa adui, akaachiwa mdomo wake, na hapo ndipo alipozaliwa.

Sasa jiulize, kwa nini Vince alikubali kubadilika? Kwa sababu alikuwa anapigwa. WCW walimshinda kwenye televisheni wiki 83 mfululizo. Mtu mwenye njaa anasikiliza hata mlio wa sufuria. Machi 2001 akainunua WCW yenyewe, na mpinzani mkubwa hakubaki tena.

Alitoa John Cena, sawa. Lakini hata Cena alikuwa karibu kuachishwa kazi mwaka 2002, mpaka aliposikika akirapu kwenye basi na wenzake, ndipo akaambiwa aifanye ulingoni.

Baada ya hapo tatizo likaanza kuonekana. Januari 2014 ukumbi mzima ulimtaka Daniel Bryan, yeye akampa ushindi Batista, wakamzomea Batista. Mwaka uliofuata akampa Roman Reigns, wakazomea tena. Vijana walipopanda kidogo, wazee waliitwa kuwashusha. Mwaka 2017 Goldberg, miaka 50, akamnyang'anya mkanda Kevin Owens. Mwaka 2020 huyohuyo Goldberg, sasa miaka 53, akamnyang'anya Bray Wyatt. Hapo kijana atakuwa staa lini?

Kinachoniuma zaidi ni Kofi Kingston. Huyu alizaliwa Ghana, akahamia Marekani na familia yake akiwa mtoto. Alipoanza kuonekana 2008 walimtangaza kwamba anatoka Jamaika! Wenye kalamu waliona Jamaika inauzika kuliko kwao. Mimi nawajua wengi hapa ambao wameshawahi kujibu "natoka sehemu fulani" ili mambo yaende, kwa hiyo nadhani mnanielewa. Kofi akangoja miaka kumi na moja. Mapema 2019 mwenzake akaumia, yeye akaingizwa kujaza pengo, watu wakampenda mpaka ikashindikana kumzuia. Tarehe 7 Aprili 2019, WrestleMania 35, akawa bingwa wa WWE wa kwanza mzaliwa wa Afrika. Oktoba mwaka huohuo akakutanishwa na Brock Lesnar, akapigwa ndani ya sekunde kama nane. Miaka kumi na moja, sekunde nane.

Wadogo mtasema, na Reigns je? Kweli. Agosti 2020 alirudi akiwa adui, na Paul Heyman pembeni yake, na akawa mkubwa kuliko wote. Vince wakati huo alikuwa na miaka 75. Kwa hiyo umri si sababu. Miaka mitano alilazimisha watu wampende Reigns, wakakataa. Alipoacha kulazimisha, wakaja wenyewe.

Mzee mwenyewe aliondoka 2022 wakati anachunguzwa, akarudi, akaondoka tena Januari 2024 baada ya aliyekuwa mfanyakazi wake kumshtaki kwa unyanyasaji wa kingono. Yeye anakanusha. Lakini siwezi kuandika historia yake nikaruka hapo. Na mwezi uliofuata ilipoonekana The Rock anachukua nafasi ya Cody Rhodes ya kupambana na Reigns, mashabiki walipiga kelele mpaka Cody akarudishiwa. Aprili akashinda, akamaliza utawala wa Reigns wa siku 1,316.

Jibu langu basi: promota mzee anaweza kutoa staa mpya, kama bado anasikia ukumbi. Staa anajileta, watu wanamkubali, promota anafungua mlango au anaufunga.

Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, inakuja. Mara nyingi jukwaani tunaona sura zilezile, kwa sababu wanaochagua ni walewale. Mimi pia ni volontia, huwa nashika ile orodha, kwa hiyo najisema na mimi. Mwaka huu nitaanza kwa kuuliza nyinyi. Kwenye bloku yako, nani amengoja muda mrefu? Andika jina lake hapo chini.