Korgi: Kutoka Nyuma ya Ng'ombe hadi Kwenye Rafu ya Zawadi

Magharibi mwa Wales, katika Pembrokeshire na Cardiganshire ya zamani, mkulima mwenye ng'ombe alitaka mbwa mfupi. Korgi hazidi sana sentimita 30 begani, na kazi yake aliifanya kutokea nyuma. Humjongelea ng'ombe mzembe, humng'ata kidogo kisiginoni, kisha hujilaza chini papo hapo. Teke linaporushwa, linapita juu ya kichwa chake. Ng'ombe anasogea, mbwa anahamia kwa mwingine. Miguu mifupi ambayo leo watu wanaiona kuwa urembo ndiyo iliyokuwa kinga yake.

Jamii ile ilijua thamani ya mbwa wa namna hiyo. Sheria za kale za Wales, zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, zilimlinganisha mbwa wa mchungaji na maksai. Hazimtaji korgi kwa jina, lakini kwa wafugaji, na hata huku kwetu watu wa ng'ombe watalielewa hili, kipimo hicho hakikuwa cha mzaha.

Kazi ya malishoni ilipopungua, korgi akaingia kwenye maonyesho ya mbwa. Chama cha wapenzi wake kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1934 Kennel Club, chama cha Uingereza kinachoandikisha mbwa, ikawatenganisha Pembroke na Cardigan kuwa aina mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1933, Duke wa York, aliyekuja kuwa Mfalme George VI, alikuwa amewaletea binti zake korgi aliyeitwa Dookie. Binti mkubwa, Elizabeth, alipotimiza miaka 18 mwaka 1944, alizawadiwa wa kwake, Susan. Alimpenda kiasi kwamba mwaka 1947 alikwenda naye fungate. Elizabeth huyu ndiye aliyeurithi ufalme mwaka 1952 akiwa ziarani Kenya. Kutokana na zawadi ile moja alikuza ukoo wa vizazi 14, na wa mwisho wao, Willow, alikufa mwaka 2018.

Lakini zawadi ya korgi iliyoingia katika nyumba za watu wa kawaida ilikuwa ya chuma. Mwaka 1956 kampuni ya Mettoy, yenye kiwanda Swansea huko Wales, ilianza kuuza magari madogo kwa jina la Corgi Toys. Jina na nembo vilikuwa heshima kwa mbwa wa nchi ile ile. Magari hayo yalikuwa na madirisha ya plastiki angavu, jambo ambalo washindani wao, Dinky Toys, hawakuwa nalo wakati huo. Yalifungashwa katika visanduku vya buluu na njano, na baadhi yaliuzwa kama seti za zawadi. Kinachonigusa ni kwamba miongoni mwake kulikuwa na trekta la Massey Ferguson. Mtoto aliyelisukuma sakafuni alikuwa na shamba mkononi, na sura ya mbwa wa shamba ilikuwa pale kwenye kisanduku.

Zawadi za siku hizi zimelisahau shamba. Ziko vikombe vya korgi mwenye taji, soksi, mito, wanasesere wa manyoya bandia. Malkia anakumbukwa, ng'ombe hayumo. Na wingi wa sanamu hizo haukuwa dalili ya wingi wa mbwa: mwaka 2014 Kennel Club iliandikisha watoto 274 tu wa korgi aina ya Pembroke, na mwaka uliofuata aina hiyo ikawekwa kwenye orodha ya mbwa wa asili walio hatarini. Ilitoka humo mwaka 2018, wakati The Crown, tamthilia ya televisheni inayomhusu Malkia Elizabeth, ilipokuwa imewarudishia watu hamu ya kumfuga.

Ningependa kuona fundi wa kauri akimchora korgi nyuma ya ng'ombe mweusi wa Wales, maana hapo ndipo alipoumbika. Na mwenye rafiki anayefuga korgi, afikirie mgongo ule mrefu juu ya miguu mifupi. Mbwa huyu hunenepa upesi, na uzito na kurukaruka humuumiza mgongo. Kikombe cha kupimia chakula, au ubao wa mteremko wa kupandia garini, vitamfaa mwenye mbwa na mbwa mwenyewe kuliko mto wenye taji.