Ukiletewa bidhaa ambayo hukuiagiza: Haki za mnunuzi na kikomo chake

NI wanunuzi wachache nchini Kenya ambao hawajawahi kuyaona maneno haya, yakiwa yamechapishwa chini ya stakabadhi au kubandikwa ukutani karibu na mpokea pesa: “Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.” Maneno hayo machache yamewanyamazisha wateja wengi ambao sheria ilikuwa upande wao. Mtu ameagiza kitu, akalipa, akaletewa kingine, na anapolalamika anaonyeshwa kibandiko hicho kana kwamba ni kifungu cha Katiba.

Kibandiko si sheria. Hata hivyo, mteja naye anaweza kuipoteza haki yake kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi katika siku chache za kwanza, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja mjini Wote, Kaunti ya Makueni, ameona mvua za vuli zinakaribia. Anampigia simu muuzaji wa vifaa vya ujenzi mjini Machakos, anaagiza tangi la plastiki la lita 5,000 na kulipa kwa M-Pesa. Siku ya tatu lori linafika likiwa limebeba tangi la lita 3,000. Dereva, ambaye ana mizigo mingine ya kufikisha Kibwezi kabla ya giza kuingia, anamwambia: “Mama, pokea hili kwanza, mengine mtamalizana na ofisi.” Mawingu nayo yameshatanda.

Haki za mama huyu zinatokana kwanza na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo imekuwapo tangu 1931, na wakoloni waliinakili kwa kiasi kikubwa kutoka kwa sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893. Kifungu chake cha 15 kinasema kwamba bidhaa inapouzwa kwa maelezo, ni sharti bidhaa yenyewe ilingane na maelezo hayo. Anayenunua kwa simu, kupitia mtandao au kwa kutazama picha ananunua kwa maelezo, kwa kuwa hajakiona kitu chenyewe. Na maelezo si jina la bidhaa pekee. Lita 5,000 ni sehemu ya maelezo, sawa na modeli ya simu, kipimo cha kiatu au unene wa godoro.

Majaji wa Uingereza waliwahi kulishikilia sharti hili kwa ukali wa kushangaza. Mnamo 1921 Mahakama ya Rufaa jijini London iliamua kesi ya mnunuzi aliyeagiza matunda ya mikebe kutoka Australia, yakiwa yamepangwa mikebe 30 katika kila sanduku. Idadi ya mikebe ilitimia, lakini karibu nusu ya masanduku yalikuwa na mikebe 24. Ingawa thamani ya matunda haikupungua hata senti moja, mahakama ilisema mnunuzi alikuwa na haki ya kuukataa mzigo wote. Miaka 12 baadaye, mbao zilizoagizwa zikiwa na unene wa nusu inchi zilikataliwa kihalali kwa sababu nyingi zilizidi unene huo kidogo tu, licha ya kuwa zilifaa kabisa kwa kazi iliyokusudiwa. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini zilitolewa chini ya maneno yale yale yaliyomo katika sheria yetu. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba alicholetewa “ni karibu sawa tu” hana budi kuzikumbuka.

Sheria hiyo inazungumzia pia idadi. Ukiletewa pungufu ya ulivyoagiza, unaweza kukataa vyote, au ukavipokea vilivyokuja na kulipa kwa kiwango cha bei mlichoafikiana. Ukiletewa zaidi, chukua chako ukatae ziada, au ukatae vyote. Vikija vikiwa vimechanganywa na vitu vya aina nyingine, unayo haki ya kuchagua vilivyo vyako na kuvikataa vingine.

Lakini sheria ya 1931 ilikuwa na pengo kubwa. Iliruhusu pande mbili kukubaliana kwamba masharti yake hayatatumika, na ni katika pengo hilo ambapo vibandiko vya “hazirudishwi” vilipata nguvu. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Sheria hii inasema kwamba sharti lolote linalonuia kufuta au kubadilisha masharti yanayomlinda mtumiaji chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili, liwe ndani ya mkataba au nje yake. Kwa hivyo hata kama mteja ametia sahihi karatasi yenye maneno hayo, hawezi kuzuiwa kudai bidhaa inayolingana na maelezo.

Sheria hiyo ya 2012 inaharamisha pia udanganyifu katika biashara, ukiwemo ule wa kudai kuwa kitu ni kipya ilhali kimetumika, au kwamba ni cha kiwango, ubora, mtindo au modeli fulani ilhali sicho. Mteja aliyeingizwa katika mapatano kwa udanganyifu wa aina hiyo anaweza kuyavunja kwa kutoa notisi katika muda wa mwaka mmoja tangu mapatano yafanywe. Na juu ya yote ipo Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha, habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro.

Turudi Wote, ambako dereva bado anasubiri.

Hatari kubwa inayomkabili mama huyu ni kukubali. Katika sheria, kukubali si lazima kutamkwe. Mnunuzi huhesabiwa kuwa amekubali bidhaa anapomwambia muuzaji kwamba ameridhika, anapoifanyia jambo ambalo mwenyewe tu ndiye angelifanya, au anapokaa nayo kupita muda unaofaa bila kusema kwamba anaikataa. Akishakubali, haki ya kuirudisha na kudai pesa zake zote huwa imemponyoka. Kinachosalia ni kudai fidia ya tofauti, na fidia huhitaji ushahidi na hesabu.

Iwapo basi mama huyo ataliweka tangi la lita 3,000 juu ya msingi wa saruji, alitoboe, aunganishe mifereji na kulijaza maji ya mvua ya kwanza, itakuwa vigumu kwake kumshawishi hakimu kwamba alilikataa. Tunaelewa shida yake, kwani mvua haingoji barua za malalamishi. Lakini kuna njia ya kati. Anaweza kumwandikia muuzaji kwamba atalipokea tangi hilo dogo kwa masharti kuwa arudishiwe tofauti ya bei katika siku kadhaa atakazozitaja, na asilitumie mpaka apate jibu la maandishi. Akitaka kulikataa kabisa, asiliguse.

Je, muda unaofaa ni siku ngapi? Sheria haikutaja idadi. Hutegemea aina ya bidhaa na mazingira, na ndiyo sababu inafaa kulalamika siku iyo hiyo au kesho yake. Kwa upande mwingine, sheria inamlinda ambaye hakuwa ameiona bidhaa, kwa kuwa muuzaji anapaswa kumpa fursa ya kuikagua akiomba. Kutia sahihi karatasi ya dereva kuonyesha kwamba mzigo umefika si sawa na kukiri kwamba mzigo ndio ulioagizwa, ingawa baadhi ya karatasi hizo huwa na maneno “imepokewa ikiwa katika hali nzuri”. Andika kwa mkono wako kando ya sahihi, “haijakaguliwa” au, kama kosa linaonekana wazi, “tangi la lita 3,000 badala ya 5,000”. Kisha piga picha karatasi hiyo kabla ya dereva kuondoka nayo.

Swali linalowasumbua watu zaidi ni la usafiri. Tangi haliingii katika matatu, na kukodisha lori hadi Machakos kunaweza kula sehemu kubwa ya bei yake. Hapa sheria iko wazi, na inashangaza kwamba haitangazwi zaidi: mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa, isipokuwa kama walikuwa wameafikiana vinginevyo. Ni juu ya muuzaji kuja kuichukua. Wakati huo mnunuzi aitunze kwa uangalifu wa kawaida, asiiuze wala kuigawa.

Ukikataa kwa haki, unaweza kudai pesa ulizolipa. Hulazimiki kukubali vocha ya kununulia kitu kingine katika duka lilo hilo. Kubadilishiwa kwa kitu sahihi ni jambo la maafikiano, na mara nyingi ndilo suluhisho jepesi kwa pande zote mbili. Isitoshe, kama bei ya tangi la lita 5,000 imepanda sokoni kati ya siku mliyoafikiana bei na siku uliyopaswa kuletewa, tofauti hiyo ni hasara ambayo unaweza kuidai.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na madai bila ushahidi ni vivyo hivyo. Hifadhi stakabadhi, ujumbe wa M-Pesa, tangazo ulilolisoma kabla muuzaji hajalibadilisha, na mazungumzo ya WhatsApp. Ushahidi wa kielektroniki hukubaliwa katika mahakama zetu, kwa hivyo usiufute wala usiuze simu hiyo. Mlioafikiana kwa simu tu? Mwandikie muuzaji ujumbe mara baada ya kuzungumza: “Kama tulivyosema, nimeagiza tangi la lita 5,000.” Akijibu “sawa”, umepata mkataba wa maandishi.

Kuhusu M-Pesa, wapo wanaodhani wanaweza kuzirudisha pesa kwa kutuma ujumbe kwa nambari 456. Huduma hiyo ni ya aliyekosea nambari ya anayetumiwa. Si mwamuzi wa mzozo wa kibiashara, na haimwezi muuzaji ambaye ameshazitoa pesa. Ndiyo maana wanunuzi wengi wa mtandaoni hupendelea kulipa baada ya bidhaa kufika na kukaguliwa. Ni tahadhari ya busara kuliko sheria yoyote.

Muuzaji akikaidi, mwandikie barua au barua pepe ukieleza ulichoagiza, ulicholetewa, unachodai na siku unazompa. Kisha unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 na iliyopewa jukumu la kuchunguza matangazo ya kupotosha. Kama bidhaa inadaiwa kutimiza viwango ilhali sivyo, hilo ni suala la shirika la KEBS. Kama ni ghushi, nenda kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Aliyechukua pesa akazima simu na kutoweka si suala la mapatano tena. Kujipatia pesa kwa ulaghai ni kosa la jinai na mahali pake ni kituo cha polisi.

Kwa wengi, hata hivyo, tegemeo kubwa ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya 2016 na ikaanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mnamo 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Kesi inapaswa kuamuliwa katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Muda wa kushtaki kwa kuvunjwa kwa mapatano ni miaka sita, lakini usiuchanganye na muda wa kukataa bidhaa, ambao ni mfupi mno.

Yote haya hayamhusu mteja aliyebadilisha nia. Ukiagiza gauni jekundu, ukaletewa jekundu lile lile lenye kipimo ulichotaja, kisha ukaona bluu ingekupendeza zaidi, sheria haimlazimishi muuzaji kulichukua. Maduka yanayokubali kurudishiwa bidhaa kama hizo hufanya hivyo kwa hiari, na yana uhuru wa kuweka masharti, kama vile kudai kifungashio kiwe kizima. Hapo ndipo kibandiko cha ukutani kina kazi.

Na ukiletewa kitu ambacho hukukiagiza kabisa, kisha ukatumiwa ankara ya kukilipia? Chini ya sheria ya 2012 huna wajibu wa kukilipa, wala kunyamaza kwako hakuhesabiwi kuwa ni kukubali.