Chipu Ndogo Iliyomtikisa Jitu: Stori ya Kinachoendesha PS ya Mtaani

Kibanda cha PS ni kilekile, ukikikuta Masuguru, Korogwe mjini au Manzese: pedi zimechakaa, kelele za magoli, madogo wamepanga foleni. Ndani ya PS4, iliyotoka mwaka 2013, picha zote zinachorwa na chipu ya AMD yenye kama milimita za mraba 348. Ukucha wa dole gumba, basi.

Ukubwa huo si jambo dogo. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni, na sahani haikosi kasoro. Fikiria chapati yenye madoa yaliyoungua: ukikata vipande vikubwa, kila doa linakuharibia kipande kikubwa. Ukikata vidogo, unatupa kidogo. Ndiyo maana chipu kubwa ni ghali, na anayelipia ni wewe.

Juni 2008 NVIDIA walileta GTX 280, jitu la milimita za mraba 576, kwa dola 649. AMD walikuwa wametoka kuaibika mwaka mmoja nyuma na chipu yao kubwa, safari hii wakaja wamebana. HD 4870 yao ilikuwa na chipu ya milimita kama 256 tu, bei dola 299, na kasi yake haikuwa mbali na ya lile jitu! NVIDIA wakashusha bei hadi 499 ndani ya wiki chache. Agosti, AMD wakaweka chipu mbili kwenye kadi moja, na kwenye magemu mengi jitu likapitwa.

Unadhani NVIDIA waliacha ukubwa? Wapi! Mwaka 2017 V100 ilifika milimita 815. Hapo wakagonga ukuta, maana mashine za kuchapa chipu haziwezi kuchora zaidi ya 858 kwa mkupuo. Kwa hiyo Blackwell, iliyotangazwa Machi 2024, ni vipande viwili vikubwa vilivyounganishwa. AMD kwenye kadi za magemu walishaanza mwishoni mwa 2022: kipande kimoja cha grafiki, vidogo sita pembeni.

Na mashine mpya za ASML wa Uholanzi, zinazochora mistari myembamba zaidi, eneo lake ni nusu tu: milimita 429. Humo jitu la 2008 lisingeingia. Chipu ya PS4, kwa eneo, ni ndogo kuliko hapo.