Chembe Hai, Chembe Mfu: Damu Yenye Mionzi Ilivyoanza Kupimwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, malale ilipokuwa ikimaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda, wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakisaka dawa yake ndani ya rangi. Paul Ehrlich wa Ujerumani alitangulia na rangi nyekundu mwaka 1904. Taasisi ya Pasteur ya Paris ikafuata na ya buluu, tripani buluu. Malale haikukoma; rangi ile ikaja kutibu zaidi ng'ombe na mbwa wenye homa ya kupe. Lakini maabara iliipenda kwa sababu nyingine: chembe hai huizuia nje, chembe iliyokufa huipokea ikageuka buluu.

Miongo kadhaa baadaye rangi hiyo ikaingia katika tiba ya nyuklia, ambako daktari anayetafuta jipu lililojificha tumboni au kwenye mfupa huchota damu ya mgonjwa, hutenga chembe nyeupe, huzitia mionzi, kisha humrudishia. Chembe hukimbilia penye maambukizi na kamera huzifuata. Zikiwa zimekufa, picha itadanganya.

Kazi ya kutia damu mionzi ilianza na chembe nyekundu. Mwaka 1950, Wamarekani Sterling na Gray walitumia kromiamu-51 kupima chembe nyekundu mwilini. Ilifaa kwa kuhesabu, haikufaa kwa picha, kwani hutoa miali michache mno ya gama. Mlango ulifunguka mwaka 1976, John McAfee na Mathew Thakur walipolinganisha dawa nyingi za kutia mionzi chembe nyeupe, na indiamu-111 iliyofungwa na kemikali iitwayo oksini ikajitokeza. Mwaka 1986, Hospitali ya Hammersmith ya London ikaonyesha kuwa teknishiamu-99m, iliyobebwa na HMPAO, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za ubongo, inaweza kazi hiyohiyo.

Hapo ndipo ulipoonekana ugumu wa kupima kama chembe hizo ni safi na hai kabla ya kurudishwa mwilini. Teknishiamu hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya saa 6, na chembe nje ya mwili hazivumilii kusubiri. Kipimo cha vijidudu huchukua siku kadhaa kutoa jibu. Wakati huo chembe zimesharudi mwilini zamani. Hivyo hupimwa fundi wa maabara anayeziandaa badala ya damu: hupewa mchuzi wa kukuzia vijidudu, aushughulikie hatua kwa hatua kama damu, kisha hutazamwa kama kuna kilichoota.

Kwenye damu yenyewe, kipimo cha haraka ni kuzizungusha chembe kwa kasi hadi zitue chini, kisha kulinganisha mionzi iliyoshikwa nazo na iliyobaki kwenye majimaji. Kwa HMPAO, asilimia 40 hadi 80 ni kawaida. Tarakimu hii hupendwa kuliko inavyostahili. Huonyesha mionzi imeshika. Haisemi kama chembe bado zina nguvu ya kutembea. Ndiyo maana hutazamwa pia kwa hadubini kama zimegandana, na tripani buluu huitwa kazini. Hata hiyo ina mpaka wake: chembe iliyochoka inaweza kuikataa rangi na bado isifike kwenye jipu.

Kwangu mimi, hakimu mkali zaidi ni mapafu ya mgonjwa mwenyewe. Chembe nzima hupita humo, kisha hukaa kwenye wengu na ini. Zilizojeruhiwa hukwama mapafuni kwa muda mrefu, halafu ini huzikusanya kupita kiasi. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba jibu huja baada ya sindano.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwa rangi wala kwa hadubini. Mwaka 1992, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa kuhusu wagonjwa waliodungwa kimakosa damu ya mtu mwingine mwenye virusi vya UKIMWI wakati wa vipimo vya tiba ya nyuklia. Kwa hiyo ukirudishiwa damu yako siku moja, subiri uulizwe jina lako na lisomwe kwenye bomba la sindano. Usipoulizwa, uliza wewe kabla hujanyoosha mkono.