Saa Nane na Robo

Mwaka 1998 nilianza kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji kando ya Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mfukoni nilitembea na bisibisi, kitambulisho na terminata mbili. Terminata ni kizibo cha chuma, ukubwa wa ncha ya kidole, chenye ukinzani wa omu 50. Kebo yetu ya mtandao ilikuwa nyeusi, mfano wa ile ya antena ya televisheni. Ilipita nyuma ya meza zote kama kamba ya kuanikia nguo, na kila ncha yake ilitakiwa izibwe. Kizibo kimoja kikitoka, ofisi nzima inakata. Kanuni iliruhusu mita 185 na mashine 30 kwa kipande kimoja cha kebo. Kuhusu fagio haikusema lolote, na kila asubuhi mama wa usafi alipovuta meza afagie nyuma yake, mimi nilisimama tayari.

Kazi hii sikuisomea. Niliajiriwa kuwa msaidizi wa chumba cha filamu, na kwa kuwa nilikuwa nasoma vitabu vya maelekezo bila kusinzia, nikageuzwa fundi wa mtandao. Kushoto mwa ukumbi walikaa wasanifu wa kurasa na Macintosh zao. Kulia wahasibu na makarani na PC za Windows. Katikati, ndani ya kabati lililotobolewa matundu ya hewa, ilikaa seva ambayo kila upande uliihesabu kuwa yake. Neno nililolisikia zaidi ofisini, kuliko hata shikamoo, ni "Fundi, imekata tena."

Pande hizo mbili zilikuwa na asili mbili. Apple walitoa AppleTalk mwaka 1985 ili Macintosh kadhaa zitumie printa moja ya bei mbaya, LaserWriter. Waya wake ulipitisha biti 230,400 kwa sekunde, na mwaka 1987 ikafuata AppleShare, seva ya mafaili. Huko kwingine, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, Barry Feigenbaum wa IBM alibuni utaratibu wa kompyuta kuazimana mafaili. Aliuita BAF, herufi za mwanzo za majina yake, kabla haujabadilishwa kuwa SMB. Microsoft wakauchukua wakaulea. Wote wawili walikuwa watoto wazuri, ila hawakulelewa wakitarajia kulala chumba kimoja. Windows NT, ilipotoka mwaka 1993, ilijaribu kuwaweka pamoja kwa kujifunza lugha ya Macintosh, na hiyo ndiyo njia tuliyoifuata sisi.

Baada ya miaka zaidi ya 20 katika kazi hii, nina msimamo wangu. Nimeunga kebo zilizotafunwa na panya, nimefuta virusi, lakini kilichonisumbua kuliko vyote ni ukimya. Kila mfumo una hesabu yake ya muda gani mwenzako akinyamaza umhesabu ameondoka. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anaenda zake na hakuna anayemlaumu. Sasa fikiria nyumba ambayo kila mpangaji ana idadi yake ya hodi.

Mac na seva yake zilipigiana hodi kila sekunde 30. Apple wenyewe waliita kitendo hicho kutekenya, na jina hilo limo kwenye vitabu vyao vya kiufundi. Dakika 2 zikipita seva haijatekenywa, inafunga mlango. Seva ya Novell NetWare, iliyotumika ofisini kabla sijaja, ilikuwa na mbwa mlinzi: ikisikia kimya kwa karibu dakika 5 inauliza, kisha inarudia kila dakika mara 10, na jumla yake kama dakika 15 ndipo inakata. Seva ya Windows haikupiga hodi. Aliyekaa dakika 15 bila kugusa kitu alitolewa nje, si kwa ugomvi bali kwa kubana matumizi, na akirudi kugusa tu anafunguliwa. Shida ni kwamba kuna programu za zamani ambazo hazikujua kuwa zinaweza kutolewa nje. Zikirudi zikakuta mlango umefungwa, zinalia na kufa.

Mambo haya niliyajua kwa kuchelewa, na aliyenisaidia hakuwahi kushika kompyuta. Alikuwa mzee msimamizi wa mitambo ya kuchapia, mtu aliyeanza na herufi za risasi.

"Kijana," aliniambia, "mtambo wangu ukisimama tunaandika saa. Nyie huko juu hamna daftari?"

Hatukuwa nalo. Nikanunua moja la kurasa 96, nikalifunga kwa uzi mlangoni mwa kabati la seva, nikamwomba kila mtu aandike. Wasanifu waliandika wanapokumbuka. Mama mhasibu, ambaye hakuacha senti ipotee, hakuacha hata siku moja. Mwaka 2001 daftari lilijaa mwandiko wake: saa nane na robo, imekata. Saa nane na dakika kumi, imekata. Saa nane na robo.

Bosi akaita mtaalamu kutoka nje ya nchi. Alikuwa mpole, amejifunza Kiswahili cha kutosha kusoma daftari letu, na alilisoma kwa makini. Kisha akafungua kumbukumbu za seva akatafuta saa 08:15. Alichokiona kilimridhisha: watu wote wanawasha mashine, wote wanaingia, seva inahema. Akaandika ripoti kwamba mtandao unaelemewa asubuhi, akashauri inunuliwe swichi kubwa. Ikanunuliwa. Siku ya pili yake, saa nane na robo mchana, ikakata.

Sikucheka, maana nilikuwepo alipokuwa anaisoma, na mimi pia sikuiona. Saa nane ni saa nane. Nani hukumbuka kueleza kwamba kwenye seva saa hiyo ni 14:00?

Swichi yenyewe ilikuja na balaa lake. Mtaalamu aliipanga kwa mkono iseme na kusikiliza kwa wakati mmoja, lakini kompyuta ziliachwa zijipangie. Kompyuta ya namna hiyo huiuliza swichi kwanza, na isipojibiwa hudhani wanapaswa kupokezana kama watu wa redio za upepo. Picha kubwa za wasanifu zikaanza kutambaa. Ukimya tena.

Nilipotambua kosa la saa, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilileta chakula changu, wali maharage, nikala mbele ya seva nikiangalia orodha ya waliounganishwa. Saa saba kasoro dakika tano mama mhasibu alichukua mkoba wake, akapita kuswali na kula. Programu ya mishahara aliiacha wazi, kama kawaida yake. Saa saba na dakika kumi jina lake likatoweka kwenye orodha. Hakuna kebo iliyoguswa. Alirudi saa nane, akazungumza kidogo na makarani, akakaa, akabonyeza.

"Fundi!"

Daftari lilikuwa limeandika saa ya kugundua maiti. Kifo kilitokea saa nzima kabla. Dakika 15 kamili. Dawa ilikuwa amri ya mstari mmoja, net config server /autodisconnect:-1, inayoiambia seva isimtoe mtu kwa kukaa kimya. Mama mhasibu alinipa soda, akaniuliza kwa nini ilichukua miezi mitano.

Mwaka 2003 tulihamia Linux na Samba. Samba, programu inayoiwezesha Linux kusema SMB, aliianza Andrew Tridgell huko Canberra mwishoni mwa mwaka 1991, kwa kuchungulia kompyuta zinavyosemezana waya kwa waya na kuiga mazungumzo yao. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno yale yenye s, m na b kwa mfuatano huo. Samba ilitufundisha kwamba kompyuta za Windows za wakati huo zilipiga kura. Zilichagua mwenyekiti wa mtaa, wa kutunza orodha ya majina ya mashine zote, na kila mgombea alikuwa na uzito: seva ya NT 32, Samba isipoguswa 20, Windows 95 ilikuwa na 1 tu. Mwenyekiti akizimwa na mlinzi usiku, uchaguzi ulirudiwa. Mashine iliyozimwa ghafla iliweza kubaki kwenye orodha hadi dakika 51. Kwa hiyo tulikuwa na seva hai isiyoonekana na mashine maiti inayoonekana, na watu wakiapa kwamba seva imekata.

Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulinikuta ofisi nyingine. Huko seva ilikuwa ya Active Directory, mfumo wa Windows wa kukagua watumiaji, ambayo hailazi mgeni ambaye saa yake imepishana na yake kwa zaidi ya dakika 5. Mac moja ilikuwa na betri iliyokufa. Kila umeme ukirudi iliamka ikiamini ni mwaka 1970, Muungano ukiwa haujatimiza miaka 6. Nywila ilikuwa sahihi, na seva ikaikataa. Betri ya shilingi chache ikamaliza kesi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka 2013 Apple wenyewe walianza kutanguliza SMB. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye SMB ya kwanza, na kabla mwaka haujaisha Windows 10 ikaanza kuja bila toleo hilo. Mashine za zamani za kunakili na kuskani zikaacha kupeleka kurasa kwenye seva, na simu yangu haikupumzika. Mwaka 2020 macOS ikaondoa seva ya lugha yake ya kale. Kutekenya kukaisha kwenye seva za Mac.

Daftari ninalo bado. Wewe kijana utakayeitwa kesho kwamba seva imekata, usianze na kebo. Muulize aliyekuita ni saa ngapi alipogundua, saa ngapi aligusa mashine kwa mara ya mwisho, na kama saa anayoitaja ni ya Kiswahili au ya Kizungu.