Povu Halikuwa na Kosa

Nilikuwa darasa la sita nilipoona mtu akianguka kifafa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa paredi ya Ijumaa asubuhi. Mvulana wa darasa letu alianguka, akaanza kutikisika, povu likamtoka mdomoni, na sisi sote tukatoka mbio. Ati hilo povu likikugusa, nawe umekipata. Alipozinduka alikuwa peke yake uwanjani, kiatu kimoja kimemvuka. Muhula uliofuata hakurudi. Hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mimi pia sikuuliza.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kifafa hakiambukizi hata kidogo. Ni hitilafu ya umeme ndani ya ubongo, basi. Lakini hofu yetu ilikuwa na umri mkubwa kuliko ile shule, na wala haikuwa ya Waafrika peke yao.

Uingereza ya karne ya 19, mtu mwenye kifafa alipata shida kuajiriwa. Wengi waliishia kwenye nyumba za maskini, au wakafungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Mwaka 1892, kundi la watu wa London, wakiwemo madaktari John Hughlings Jackson na William Gowers, likaanzisha chama cha kuwatafutia kazi. Wakanunua shamba Chalfont St Peter, nje ya London, na mwaka 1894 wakazi wa kwanza wakaingia. Mfano waliutoa Ujerumani, kwenye makao ya Bethel kule Bielefeld yaliyoanza mwaka 1867. Hewa safi, kazi ya shamba, mlo wa uhakika. Mahali hapo wakapaita koloni. Mwaka mmoja baadaye, Uingereza ikatangaza himaya yake huku kwetu, na sisi neno hilo tukaja kulijua kwa njia nyingine kabisa.

Nia ilikuwa njema, siwezi kubisha. Lakini ukiwakusanya watu wanaokimbiwa kwa ugonjwa usioambukiza, umewaweka pia mahali ambapo magonjwa yanayoambukiza hupita kirahisi. Meza ni moja, bafu ni moja, wahudumu ni walewale wanaotoka nyumba hii kwenda ile. Kirusi kikiingia, hakibishi hodi mara mbili. Tena homa ikipanda, kifafa nacho kinaweza kuzidi. Wapo wakazi wenye ulemavu mwingine pia, wasioweza kukwambia koo linawauma.

Halafu fikiria ile habari ya kukaa mbalimbali. Mtu akianguka, utamsaidiaje ukiwa mita mbili? Lazima upige magoti, umkinge kichwa, umlaze ubavu, ukae naye mpaka azinduke. Uso wako uko karibu na pumzi yake.

Koloni ile bado ipo, siku hizi ikiwa kituo cha kifafa cha Chalfont. Tarehe 16 Machi 2020, siku shule zetu za kutwa zilipofungwa kwa sababu ya korona, ndiyo siku watafiti walipoanza kuhesabu maambukizi Chalfont na makao mengine matatu ya Uingereza. Walihesabu kwa wiki 25. Chalfont ilikuwa na wakazi 98, na walipimwa kila wiki, hata wale waliokuwa wakila vizuri na kucheka.

Waliokutwa na virusi walikuwa 10. Wenye dalili walikuwa 2 tu, na mmoja wao akafa. Wale 8 wengine hawakuwa na dalili yoyote. Bila kile kipimo cha kila wiki, wangeendelea kuketi meza moja na wenzao. Katika makao mengine kati ya yale manne, wakazi 8 kati ya 80 walipata dalili na hakuna hata mmoja aliyepimwa. Hao hatutajua kamwe walikuwa na nini.

Namba hiyo, 8 kati ya 10, ndiyo iliyonirudisha kwenye paredi. Sisi tulikimbia kile tulichokiona: povu, macho yaliyogeuka, miguu inayopiga vumbi. Kumbe siku ile hakukuwa na cha kukimbia. Kama kulikuwa na mtu aliyebeba cha kuambukiza pale uwanjani, huenda alikuwa amesimama wima kwenye mstari, soksi zimevutwa hadi magotini, na mimi nimesimama nyuma yake bila wasiwasi.

Wale wa Chalfont walilindwa na watu waliokubali kuwakaribia kila wiki na kuwaangalia hata pale palipoonekana hapana shida. Yule mwenzetu hakupata hata mmoja wa kumkaribia. Siku hizi najua cha kufanya: kumlaza ubavu, kulegeza kola, kutomtia kijiko mdomoni, kuangalia saa, na kutafuta msaada ikipita dakika tano. Ni mambo ya dakika chache tu, ambayo mwalimu yeyote angeweza kutufundisha kwenye paredi hiyohiyo.

Nikikutana naye leo, sitaanza na korona wala historia. Nitamwomba msamaha, kisha nimwulize siku ile alifikaje nyumbani.