Istilahi ya «rival»: mshindani au mpinzani?

«Rival» ni neno la Kiingereza linalowasumbua wafasiri wa habari za michezo na siasa, kwa kuwa kamusi hulipa visawe kadhaa kwa mkupuo: mpinzani, mshindani, hasimu. Asili yake ni Kilatini, *rivalis*, yaani mtu anayetumia kijito kimoja na mwenzake. Kiini cha maana ni wawili kugombea kitu kimoja.

Mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maana hiyo inaonekana wazi. Klabu za soka za TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo zote zilianzishwa mwaka 1939, mji ukiitwa Élisabethville. Zinagombea mashabiki, wachezaji na heshima ya mji mmoja. Hata zisipokutana uwanjani, hubaki «rival». Tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ilikuwa mpinzani wa siku hiyo. Kipyenga cha mwisho kilipolia, upinzani ukaisha. Mpinzani wa namna hiyo Kiingereza humwita «opponent».

Katika siasa, tofauti huwa nzito zaidi. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe, alikuwa gavana wa jimbo la Katanga tangu 2007 hadi 2015, kisha akajiunga na upinzani. Mwaka 2023 aligombea urais dhidi ya Rais Félix Tshisekedi. Katumbi ni mpinzani, kwa maana ya mwanasiasa aliye nje ya serikali. Tshisekedi, akiwa madarakani, ukimwita mpinzani utamchanganya msomaji. Mshindani huwafaa wote wawili, maana kushindana ni kwa pande mbili.

Hasimu, neno la asili ya Kiarabu, limebeba uhasama. Litumike penye ugomvi. Adui abaki vitani. Waandishi wa Tanzania huziita klabu za soka za Simba na Yanga watani wa jadi. Hilo linapendeza michezoni, kwa kuwa utani hutia ucheshi na udugu, lakini kampuni mbili zinazogombea mgodi wa shaba haziwezi kuitwa watani.

Basi «rival» ifasiriwe mshindani, na ushindani ukiwa wa miaka mingi, mshindani wa jadi. Mpinzani tumwachie «opponent».